Kitufe ulichobonyeza kimepokelewa na nani? Jibu kuhusu mikato ya kibodi kwenye mstari wa amri

Swali la msomaji: "Nina miezi minane nikisaidia kusimamia seva za Linux katika ofisi moja mjini Morogoro. Seva zenyewe ziko Ulaya na ninaziingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) kupitia modemu ya simu, kwa hiyo kila herufi hujitokeza kwa kuchelewa. Nikikosea neno la mwanzo la amri ndefu, hubonyeza mshale wa kushoto mpaka nifike, au hufuta yote na kuandika upya. Nimewahi kubonyeza Ctrl+C ili ninakili maandishi, nikaiua kazi iliyokuwa ikiendelea. Nimebonyeza Ctrl+Z nikidhani narudisha nilichofuta, programu ikatoweka. Mara tatu sasa dirisha zima limeganda, nikalifunga na kupoteza kazi. Kaka mmoja hapa ofisini ananiambia nikariri mikato yote, ambayo ni zaidi ya 100, au nihamie kwenye mtindo wa kihariri cha vi. Nimechapisha orodha na kuibandika ukutani, haijanisaidia. Je, wanaofanya kazi haraka wameikariri yote? Na mkono wangu wa kulia umeanza kufa ganzi."

Ndugu msomaji, swali lako linaonekana kuwa la kasi, lakini ninavyolisoma, linalokusumbua zaidi ni kwamba huiamini tena kibodi yako. Vitufe vilevile vinavyokutii kwenye hati na kwenye kivinjari vinakugeuka ukiingia kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na hujui kwa nini. Mtu asiyejua kwa nini hubonyeza kwa woga, na mwenye woga huandika taratibu hata akiwa na orodha ndefu ukutani. Kwa hiyo nitaanza na sababu, na mikato yenyewe itafuata.

Kwanza nikuondolee mzigo ambao si wako. Ni kweli kwamba ukiandika amri ya bind -l ndani ya Bash, programu inayopokea na kutekeleza amri zako, utaona majina ya kazi zaidi ya 100 ambazo kibodi inaweza kupewa. Hakuna anayezitumia zote. Mimi nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na mikato ninayoitumia kila siku haizidi 15, na katika hiyo kuna 6 au 7 ambayo ikiondolewa ningejihisi nimefungwa mikono. Nyingine huitafuta ninapoihitaji, kisha huisahau bila majuto. Kaka yako wa ofisini ana nia njema, lakini njia aliyokuonyesha ni ndefu kuliko safari yenyewe.

Sasa tuangalie safari ya kitufe. Unapobonyeza kitu kwenye terminali, hakifiki moja kwa moja kwa Bash. Kinapita milango mitatu, na kila mlango una haki ya kukizuia. Mlango wa kwanza ni programu ya dirisha lenyewe, ile inayochora maandishi kwenye kioo cha kompyuta yako. Mlango wa pili ni sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inayosimamia terminali, ambayo kwa mtu aliyeingia kwa SSH inakaa upande wa seva. Mlango wa tatu ni Readline, maktaba ya programu ambayo Bash huitumia kukuruhusu kuhariri mstari kabla hujabonyeza Enter. Bash iliandikwa na Brian Fox mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa programu huria wa GNU, na Readline ilizaliwa pamoja nayo. Kwa miaka mingi sasa zote mbili zinatunzwa na Chet Ramey. Kwa sababu Readline ni maktaba inayojitegemea, unayojifunza hapa utayakuta pia mara nyingi ndani ya programu nyingine kama psql ya PostgreSQL, gdb na Python.

Matatizo yako yote yanatokana na kutojua ni mlango upi umekipokea kitufe. Ctrl+C na Ctrl+Z hukamatwa kwenye mlango wa pili. Kerneli ikiiona Ctrl+C, haiipeleki kama herufi. Inaigeuza kuwa ishara ya kukatiza na kuituma kwa programu inayoendelea mbele yako, na programu nyingi zikipokea ishara hiyo hufa. Haijui habari za kunakili. Maana hiyo ya kukatiza ni ya zamani kuliko desturi ya kunakili, ambayo ilikuja baadaye pamoja na madirisha na panya. Kunakili kwenye terminali ni kazi ya mlango wa kwanza, na kwenye Linux madirisha mengi hutumia Ctrl+Shift+C kunakili na Ctrl+Shift+V kubandika. Kitufe cha Shift kimeongezwa hapo kwa sababu ya msingi: kwa desturi ya terminali, Ctrl na herufi huzalisha namba moja tu kati ya 1 na 26, A ikiwa 1, C ikiwa 3, Z ikiwa 26, na katika mpangilio huo herufi kubwa na herufi ndogo hazitofautiani. Kwa kuwa mchanganyiko wenye Shift haukuwa na maana yake katika milango ya ndani, dirisha liliweza kuuchukua bila kumnyang'anya mtu. Ukitaka kuuona mpangilio huo kwa macho yako, andika ls kisha ubonyeze Ctrl+M: amri itatekelezwa, kwa sababu M ni herufi ya 13 na 13 ndiyo namba ya Enter. Ctrl+I nayo ni Tab, namba 9.

Ctrl+Z haikuitowesha programu yako. Iliisimamisha. Ishara inayotumwa hapo huiambia programu itulie ilipofika, na yenyewe hubaki kwenye kumbukumbu ya seva, ikiwa imeshikilia mafaili iliyoyafungua na hata mlango wa mtandao (port) iliyouchukua. Andika jobs na utaiona imeorodheshwa. Andika fg irudi mbele yako, au bg iendelee kufanya kazi nyuma huku wewe ukifanya jambo jingine. Nina hakika umewahi kuandika exit na Bash ikakujibu kwamba kuna kazi zilizosimamishwa, ikakataa kutoka mara ya kwanza. Hizo ndizo programu ulizodhani zimepotea. Kurudisha ulichofuta kwenye mstari kuna mkato wake, nao ni Ctrl na alama ya mstari wa chini, yaani Ctrl+_, ambao hurudi nyuma hatua moja moja.

Nimefika kwenye dirisha lililoganda, na hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona watu wengi wakipoteza kazi kwa jambo ambalo dawa yake ni kitufe kimoja. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ulibonyeza Ctrl+S, kwa mazoea ya kuhifadhi hati. Kwenye mlango wa pili Ctrl+S maana yake ni "simamisha maandishi". Amri hiyo ni urithi wa enzi za mashine za kupiga chapa zilizounganishwa na kompyuta, ambapo mashine iliyolemewa ilihitaji njia ya kuiambia kompyuta ingoje kwanza. Ctrl+S ni namba 19 na humaanisha subiri. Ctrl+Q ni namba 17 na humaanisha endelea. Kwa hiyo dirisha likikauka ghafla, kabla ya kitu kingine chochote bonyeza Ctrl+Q. Wala usigonge vitufe ovyo kabla ya hapo. Ukiwa kwenye mstari wa amri, kila unachoandika wakati dirisha limesimama kinapokelewa ingawa hukioni, pamoja na Enter, na ukibonyeza Ctrl+Q vyote vitatokea kwa mkupuo na kutekelezwa. Ukitaka kuondokana na adha hiyo moja kwa moja, weka mstari wa stty -ixon kwenye faili la ~/.bashrc la seva husika, ambalo Bash hulisoma inapoanza. Utapata faida ya ziada ambayo nitaigusa nikifika kwenye historia.

Kama Ctrl+Q haikusaidia, huenda ni mtandao wa simu uliokatika, si dirisha. SSH ina njia yake ya kutoka: bonyeza Enter, kisha alama ya ~, kisha nukta. Muunganisho utavunjwa upande wako na utarudishiwa mstari wa amri wa kompyuta yako. Tofauti ni kwamba programu iliyokuwa ikiendelea kule seva kwa kawaida huuawa muunganisho ukifa, na kwa hali ya mtandao wako ningekushauri kila kazi inayozidi dakika tano uifanyie ndani ya tmux, ambayo huiweka hai hata ukikatika. Ukirudi, andika tmux attach na utaikuta ilipofika.

Tuingie sasa kwenye mlango wa tatu, ambako kasi yenyewe iko. Tuchukue amri ndefu ya aina unayoiandika wewe, hii ikiwa ya rsync, programu ya kunakili mafaili kwenda seva nyingine:

rysnc -av /srv/data/ripoti/2024/ hifadhi@192.0.2.15:/backup/ripoti/

Ina herufi 67 pamoja na nafasi, na umeshaona kwamba neno la kwanza limekosewa: y na s zimebadilishana mahali. Kielekezi kiko mwisho kabisa. Kwa mshale wa kushoto utabonyeza mara 62 ili ufike kwenye mwisho wa neno hilo. Tena kila mshale hautumi herufi moja kwenda seva, hutuma tatu, yaani Esc, mabano ya mraba na herufi D, ndiyo maana mara nyingine mambo yakivurugika unaona ^[[D ikichapwa kwenye kioo. Herufi hizo zinasafiri kutoka Morogoro hadi Ulaya, na seva inarudisha picha ya kielekezi kilichosogea hatua moja, mara 62. Badala yake bonyeza Ctrl+A. Ni baiti moja, safari moja, na uko mwanzo wa mstari. Bonyeza Alt+D, neno rysnc linafutika lote. Andika rsync na ubonyeze Enter papo hapo. Huna haja ya kurudi mwisho wa mstari kwanza, kwa kuwa Bash huuchukua mstari mzima popote kielekezi kilipo. Watu wengi hawalijui hilo la mwisho, na hupoteza muda kusogea hadi mwisho bila sababu.

Majina mengi ya vitufe hivi ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza yaliyorithiwa kutoka kihariri cha Emacs, na pengine ndiyo sababu orodha yako ya ukutani haikukaa kichwani. Mimi huwafundisha vijana wangu kwa maneno yetu. A ni awali, yaani mwanzo wa mstari. E ni enda mwisho. K ni kata kila kilicho mbele ya kielekezi. R ni rudi kwenye amri za nyuma. Y ni yarejeshe, yaani maneno uliyoyakata yarejeshe hapa. Zikiambatana na Ctrl, herufi hizo tano peke yake zitabadilisha siku yako. Ongeza Ctrl+U, ambayo hukata kuanzia kielekezi kurudi hadi mwanzo wa mstari, na Alt+B pamoja na Alt+F, ambazo huruka neno zima kurudi nyuma na kwenda mbele.

Kinachowapita wengi ni kwamba hapa kukata si kufuta. Ulichokikata kwa Ctrl+U, Ctrl+K, Ctrl+W au Alt+D kinawekwa akibani, na Ctrl+Y hukitoa. Fikiria umeandika amri ya rsync hadi karibu na mwisho, ndipo unakumbuka hujahakikisha kama folda ya 2024 ina kitu ndani. Wengi hufuta, au hufungua dirisha jingine. Wewe bonyeza Ctrl+U: mstari umekuwa mtupu. Andika ls /srv/data/ripoti/2024/ na usome majibu kwa utulivu. Kisha bonyeza Ctrl+Y, na amri yako iliyokatizwa inarudi ilivyokuwa. Kwa mtu mwenye mtandao mzito kama wako, sijui mkato wenye thamani kuliko huu.

Ctrl+W, na Alt ikibonyezwa pamoja na kitufe cha kufuta (Backspace), hufanana kwa mbali, lakini jifunze kuzitofautisha, maana njia za folda ndiko zinakoachana. Ctrl+W hukata kurudi nyuma hadi inapokutana na nafasi tupu. Ukiwa mwisho wa amri yetu, itaondoa hifadhi@192.0.2.15:/backup/ripoti/ yote kwa pigo moja. Alt na kitufe cha kufuta huishia kwenye alama yoyote isiyo herufi wala tarakimu, kwa hiyo itaondoa ripoti/ tu na kukuachia /backup/ uendelee nayo. Angalizo kwa wanaotumia terminali ndani ya kivinjari, kama zile zinazotolewa na kampuni za kukodisha seva: huko mlango wa kwanza ni kivinjari, na Ctrl+W hufunga ukurasa mzima. Katika mazingira hayo tumia Alt na kitufe cha kufuta.

Kama Alt haifanyi kazi kwako, hujakosea. Baadhi ya madirisha huichukua Alt+F kufungua menyu, na kwenye kompyuta za Mac sharti uingie kwenye mipangilio ya Terminal uielekeze Option ifanye kazi hiyo. Lakini kuna njia isiyoshindwa popote: bonyeza Esc, iachie, kisha bonyeza herufi. Esc ikifuatwa na B ni sawasawa na Alt+B, kwa sababu kwa kawaida Alt ikifika kwenye mlango wa tatu imeshageuzwa kuwa Esc inayotangulia herufi.

Historia ya amri ndiyo mgodi mkubwa kuliko yote, na ndiyo pia penye hatari. Ukibonyeza Ctrl+R na kuandika herufi chache, tuseme rsy, Bash inakuletea amri ya karibuni yenye herufi hizo popote ndani yake. Bonyeza Ctrl+R tena upate ya zamani zaidi. Ukipita uliyokuwa ukiitaka, Ctrl+S hurudi mbele, na hapo ndipo faida niliyoitaja ya stty -ixon inapoonekana: mlango wa pili umeacha kuidaka, kwa hiyo inafika kwa Readline. Ukighairi, Ctrl+G inakutoa bila kutekeleza chochote.

Ninachokuomba ni hiki: amri ikishaonekana, usibonyeze Enter. Bonyeza Ctrl+E kwanza. Amri itawekwa kwenye mstari wako bila kutekelezwa, kielekezi kikiwa mwisho, na utaweza kuisoma kama unavyosoma barua kabla ya kuitia saini. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka iliyopita, usiku, nikiwa nimechoka, nilibonyeza Ctrl+R, nikaandika herufi nne, nikaona neno nililolitarajia na nikagonga Enter bila kusoma upande wa kulia wa mstari. Ilikuwa amri ya wiki iliyopita, iliyoelekezwa kwenye seva nyingine, na ilifuta folda ambayo watu walikuwa wakiitumia. Tuliirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, lakini wenzangu wawili walikesha kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo mkono wangu haugusi Enter baada ya Ctrl+R mpaka macho yamefika mwisho wa mstari.

Kwa sababu hiyohiyo, mikato hii nathamini zaidi inavyotumika kwa usalama kuliko kwa haraka. Rudi kwenye amri yetu. Programu ya rsync ina chaguo la n linaloifanya ionyeshe itakachofanya bila kukifanya. Kabla hujaitekeleza, bonyeza Ctrl+A, kisha Alt+F mara mbili: mruko wa kwanza unakufikisha mwisho wa rsync, wa pili unakufikisha mwisho wa -av. Andika n, amri inakuwa -avn, bonyeza Enter, soma. Ukiridhika, mshale wa juu, Ctrl+A, Alt+F mara mbili, futa herufi moja, Enter. Anayelazimika kubonyeza mshale karibu mara 60 kwenda kuweka herufi moja ataliruka jaribio hilo akiwa na haraka. Anayefika kwa vitufe vitatu hana kisingizio cha kuliruka.

Kuna mambo machache ya kuongeza ukishazoea hayo. Alt na nukta huleta neno la mwisho la amri iliyotangulia: ukiandika mkdir /srv/data/ripoti/2025, kisha cd, nafasi, Alt na nukta, njia yote inajiandika. Ctrl+L husafisha kioo bila kugusa ulichokuwa ukiandika. Ctrl+X ikifuatwa na Ctrl+E hufungua amri yako ndani ya kihariri, jambo zuri kwa amri ya mistari kadhaa, ila ujue kwamba ukitoka kwenye kihariri amri hutekelezwa mara moja, hata kama hukubadilisha kitu; ukitaka kuiacha, futa maandishi yote na uhifadhi faili likiwa tupu. Na Ctrl+D ina sura mbili: kwenye mstari wenye maandishi hufuta herufi iliyo chini ya kielekezi, kwenye mstari mtupu hukutoa nje ya seva.

Mpangilio mmoja mdogo nauona una thamani kuliko mikato kumi. Fungua faili la ~/.inputrc, ambalo ni la mipangilio ya Readline, na uweke mistari hii miwili:

"\e[A": history-search-backward
"\e[B": history-search-forward

Baada ya hapo ukiandika rsync na kubonyeza mshale wa juu, utaletewa tu amri za nyuma zilizoanza na rsync, badala ya kupitia kila kitu. Ctrl+X ikifuatwa na Ctrl+R huisomesha Bash faili hilo bila kutoka. Kwa asili Bash hukumbuka amri 500 tu, kwa hiyo ongeza idadi hiyo kupitia HISTSIZE na HISTFILESIZE kwenye ~/.bashrc, na weka HISTCONTROL=ignoreboth, ambayo huzuia marudio ya mfululizo na pia huacha kuhifadhi amri yoyote inayoanza na nafasi tupu. Hilo la mwisho litakufaa siku utakapolazimika kuandika nywila ndani ya amri, ingawa ni bora usilazimike.

Kuhusu vi, nitakujibu kwa unyofu. Amri ya set -o vi hubadilisha uhariri wote wa mstari ufuate desturi za kihariri hicho, na mtu ambaye vidole vyake vimeishi ndani ya vi kwa miaka hujisikia nyumbani. Kama wewe si mtu huyo, utajifunza lugha mbili kwa wakati mmoja, na utakutana na seva za wateja zenye mpangilio wa kawaida ambako desturi hizo hazipo. Kuhamia Zsh, programu nyingine ya aina ya Bash, nako hakuna ubaya; Mac zimeitumia kama chaguo la awali tangu mwaka 2019. Lakini seva nyingi za Linux utakazoingia zina Bash, na tofauti ndogo zinaweza kukukwaza, mathalani Ctrl+U ndani ya Zsh hukata mstari wote, si nusu ya nyuma tu. Ningekuwa wewe, ningebaki hapo nilipo kwa mwaka mmoja.

Namna ya kujifunza: bandua hiyo orodha. Andika mikato miwili kwenye kipande cha karatasi, Ctrl+A na Ctrl+U, na kwa wiki nzima jizuie kushikilia mshale wa kushoto, hata kama kwa siku mbili za kwanza utakuwa mzito kuliko kawaida. Wiki ya pili ongeza Ctrl+R na Ctrl+Y. Wiki ya tatu kuruka maneno. Vidole hujifunza kwa kurudia jambo moja katika kazi halisi, na orodha ya mikato 100 haikuachi urudie lolote.

Kuna wakati jibu la maandishi halitoshi. Ukibonyeza Ctrl+C au Ctrl+Z katikati ya kuingiza data kwenye hifadhidata, au mfumo ukiwa unasasisha programu zake, usijaribu kurekebisha kwa kubahatisha vitufe. Ondoa mikono kwenye kibodi, usifunge dirisha, mwite anayehusika na seva hiyo, na mtazame pamoja kilichotokea. Na muombe kaka yako wa ofisini akuruhusu ukae pembeni yake kwa nusu saa akifanya kazi, macho yako yakiwa kwenye vidole vyake badala ya kioo. Kila anapofanya jambo usilolielewa, muulize palepale amebonyeza nini.

Kuhusu mkono, usiuchukulie kama jambo la pembeni. Kupunguza kubonyeza kutakupumzisha, na unaweza kuifanya Caps Lock iwe Ctrl ili kidole kidogo kisijinyooshe mara kwa mara. Kwenye Linux inayotumia X11, mfumo wa kuonyesha madirisha, amri ni setxkbmap -option ctrl:nocaps. Lakini ganzi si suala la mikato. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku ukakung'uta mkono, huwa ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na ikipuuzwa kwa muda mrefu mkono unaweza kupoteza nguvu. Nenda hospitali wiki hii ukaangaliwe na daktari, umweleze unafanya kazi gani na unakaa kwenye kibodi saa ngapi kwa siku.